Nyigu, Benzi na Kiatu cha Mama

Msomaji, kile kiatu ulichokiacha katikati ya barabara wiki iliyopita bado kipo pale pale. Cheusi, kisigino kifupi, cha mguu wa kushoto. Mwalimu hakuhitaji kushuka kukikagua. Alikinunua mwenyewe, na asubuhi hii hii alipiga magoti akamfungia mama yake kishikizo.

Mbele ya kiatu, Benzi limesimama mshazari, limeziba kona nzima. Mlango wa dereva wazi, paa la kioo wazi, injini inanguruma polepole kama mzee anayesubiri zamu yake dukani. Ndani hamna mtu.

"Mama!"

Mwalimu alikanyaga breki. Gari alilokuwa akiendesha lilisimama papo hapo, kama kijana aliyekutana na mkwewe njiani. Kushoto kwake, mwenye gari, Bwana Dozi, alifumbua jicho moja.

"Tumefika?" aliuliza.

"Tumefika wapi, Mzee? Hebu tazama!"

Bwana Dozi akatazama. Akalifumba tena lile jicho.

Aliyechelewa kuipanda hadithi hii ajue haya machache, kisha tuendelee, maana kuna watu wamepotea.

Mwalimu ni mwalimu wa udereva. Nusu ya mji imejifunzia klachi kando yake, katika kigari chake chenye breki mbili na mikunjo kila pembe. Bwana Dozi ni mfamasia aliyefiwa na mkewe zamani, mpole kupita kiasi, mwenye BMW M5 ya rangi ya fedha ambayo mji mzima unaiita Nyigu. Daktari ni daktari wa mifugo, rafiki wa Bwana Dozi wa kufa na kuzikana, mwenye Mercedes E55 AMG nyeusi iitwayo Benzi tu, kana kwamba duniani halipo jingine.

Magari yote mawili yametoka Ujerumani. Yote yana milango minne ya kiungwana na silinda nane zisizo na uungwana wowote. Yote yalizaliwa karne iliyopita ikiaga. Na miaka nenda miaka rudi wenyewe wamekuwa wakibishana kwa kinyozi lipi ni kiboko ya mwenzake, mpaka kinyozi akaweka mashine chini. "Mpeni Mwalimu ayaendeshe yote," alisema. "Yeye aamue, nami ninyoe watu."

Kinyozi hakujua alichokianzisha, au alijua sana. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa unasema kwamba mshindi ndiye atakayemposa Mwalimu.

Basi asubuhi hii Mwalimu alipanda mlima na Nyigu, Benzi likiwa limetangulia na Daktari na Mama, ili wabadilishane magari kileleni. Mama alijialika mwenyewe. "Nyote mnagombania kiti cha mbele," alisema. "Nani atakagua vya nyuma?"

Sasa vya nyuma vilikuwa vitupu.

Mwalimu alifungua mlango akaruka nje. Pochi ya Mama ilikuwa kwenye kiti. Mkanda umefunguliwa. Alikimbilia ukingoni mwa barabara, na hapo moyo ukamwenda mbio kuliko gari lolote la Kijerumani. Majani yalikuwa yamelala kuelekea bondeni, kama kwamba kitu kizito kimeburuzwa.

"Mama! Mamaa!"

"Nimesikia," sauti ilijibu kutoka chini. "Na wa kijiji cha pili wamesikia. Shuka na mikono, maswali yaache huko huko juu."

Mwalimu aliteremka akishika majani, nusu akilia nusu akicheka.

Mama alikuwa ameketi mteremkoni, kichwa wazi, mguu mmoja peku, amempakata Daktari kichwa mapajani. Daktari alikuwa chali. Uso ulikuwa umempauka, suruali imechanika kwenye muundi, na damu ilikuwa imelowa mpaka kwenye soksi. Mguu wake wa kulia ulielekea upande ambao miguu haielekei.

"Nimeteguka kidogo," Daktari alisema.

"Kidogo!" Mama alidakia. "Goti linatazama bonde, unyayo unatazama mlima, yeye kateguka kidogo."

"Mama, imekuwaje?"

Mama alinyoosha kidole juu. Kwenye kijiti kilichoota ukingoni, mtandio wake wa samawati ulikuwa unapepea, raha mustarehe.

"Nilimwomba afungue paa nione anga. Akafungua, mtoto wa watu. Nikajiinua kidogo..."

"Ulisimama? Ndani ya gari linalokwenda?"

"Nimesema nilijiinua. Upepo ukauchukua mtandio. Mwenzio akapiga breki, akaruka nje kama anayekwenda kuokoa mtoto kisimani. Hata mlango hakufunga. Nikamwambia, mwanangu, ni kitambaa tu. Hakusikia. Nikamfuata, kiatu kikabaki, na yeye akawa ameshabingirika mpaka hapa."

"Ulikuwa mtandio mzuri, Mama," Daktari alisema kwa sauti ndogo.

"Na wewe ulikuwa na mguu mzuri."

Vishindo vilisikika juu yao. Bwana Dozi alikuwa anateremka, koti limefungwa vifungo vyote, tai ya hariri imemruka begani.

"Nipisheni!" alisema kwa sauti ambayo hakuna mtu aliyewahi kuisikia kwake. "Nipisheni, mimi ni mtu wa dawa!"

Akafika. Akainama. Akaiona damu.

Macho yakamzunguka. Alikaa chini taratibu, kwa adabu zote, akanyoosha miguu, akalala kando ya rafiki yake kama waliopanga.

"Kazimia!" Mwalimu alimaka.

Daktari, pamoja na maumivu yote, alianza kucheka mpaka akajishika mbavu. "Siri yake imetoka leo. Anauza bandeji tangu ujana, hajawahi kuona zinakofungwa."

"Cheka vizuri, na wewe una lako," Mama alisema. Alikwisha kumlegeza Bwana Dozi tai, akaivua shingoni. "Hii tutafungia. Mwanangu, kuna mwavuli kwenye pochi yangu, kauchukue."

Mwavuli ukawa gango la mguu, tai ya hariri ikawa kamba. Mwalimu alifunga huku Daktari akimwelekeza kwa meno yaliyoumana.

"Angekuwa ng'ombe ungefanyaje?" Mwalimu alimuuliza.

"Ng'ombe huwa namwambia atulie."

"Basi tulia."

Daktari akatulia. Akamtazama usoni muda wote aliokuwa akifunga, na Mwalimu akajikuta fundo moja analifunga, analifungua, analifunga tena bila sababu.

Walimpandisha wakimwegemeza mabegani, Mama huku, Mwalimu kule, Daktari akiruka kwa mguu mmoja na kusalimia kila jiwe kwa jina baya. Bwana Dozi alikuwa amezinduka. Aliwafuata kwa magoti na viganja, macho yake yakiwa yametazama kwingine kabisa, akiomba radhi kila hatua.

Walipofika barabarani ungedhani ugomvi umekwisha. Wapi!

"Apakiwe kwa Nyigu," Bwana Dozi alisema, mgongo kwa mgonjwa. "Zahanati iko chini ya mlima. Kona hizi hakuna gari linalozishika kama Nyigu. Atafika kabla maumivu hayajafika."

"Nyigu!" Daktari aliguta, akining'inia mabegani mwa wanawake wawili. "Unajua springi za lile gari zilivyo ngumu? Likipita juu ya kijiti unajua ni kijiti cha mti gani. Nipakieni kwenye gari la watu."

"Hilo lako linawaza kabla ya kubadili gia."

"Linawaza kwa sababu lina akili!"

"Nyamazeni!" Mama alisema. Wakanyamaza. "Mmoja mguu umevunjika, mwingine hawezi kutazama soksi ya mwenzake, na bado mnauza magari. Huyu atalala kwenye Benzi, kiti kipana. Mwanangu, wewe endesha, na usiende kwa kasi ya kuzika wala ya kwenda kuzikwa. Bwana Dozi na mimi tutakuja na Nyigu."

"Nitaiendesha vizuri, Mama Mwalimu," Bwana Dozi alisema. Alipozishika funguo, zilicheza kama njuga.

Mama alizitazama zile funguo.

Mwalimu alikaa nyuma ya usukani wa Benzi. Aliitafuta klachi kwa mguu wa kushoto, akakuta breki ya kuegeshea, ile ya kukanyaga. Akaiachia, akavuta gia kwenye D. Basi. Kazi ilikuwa imekwisha.

Alishangaa. Nusu saa nzima Nyigu alikuwa amemtaka kila kiungo: mguu kwenye klachi, mkono kwenye gia, masikio kwenye injini, kiuno kwenye kona. Ukikosea, Nyigu anakusema hapo hapo. Ukipatia, anaimba, na wimbo unaupata mpaka kwenye meno. Benzi halikumuuliza kitu. Liliondoka kama mtumishi mkubwa wa serikali anavyoondoka mkutanoni, bila kuaga, na kila kitu kikampisha.

"Kanyaga tu," Daktari alisema kutoka nyuma. "Halikuli."

"Naogopea mguu wako."

"Mguu wangu umelala kitandani. Miaka yote navitetea viti hivi kwa kinyozi, na sikuwahi kukaa huku nyuma hata siku moja."

"Na vipi?"

"Nilikuwa na haki."

Mwalimu alicheka. Kona ya kwanza ilipita, kisha ya pili. Benzi liliinama kidogo, likajiweka sawa, kama mwanamke mnene anayejua kucheza.

"Nilikuona kwenye kioo," Daktari alisema ghafla.

"Lini?"

"Asubuhi, unapanda na Nyigu nyuma yangu. Miaka yote nakuona mjini unatambaa na kile kigari, mguu juu ya breki, unamwambia mtoto wa watu 'taratibu, taratibu.' Leo nikamwona mtu kwenye kioo anakuja anachanja kona, meno yote nje. Nikajiuliza, huyu nani?"

Mwalimu aliipita kona nyingine. Ni kweli alikuwa ametoa meno. Aliwahi kuwa na mume, zamani, ambaye alimwambia kwamba mwanamke akienda mbio barabarani hata ndoa yake itakwenda mbio. Ndoa ikaenda mbio bila gari lolote. Lakini mguu ulibaki juu ya breki, na mpaka leo asubuhi hakuwa ameuliza kwa nini.

"Kumbe ndiyo maana ukasimama mshazari," alisema. "Ulikuwa unatazama kioo badala ya barabara."

"Mtandio nao ulichangia."

Walifika chini ya mlima. Barabara ilinyooka, haina mtu. Mwalimu alivuta pumzi, akakanyaga.

Benzi lilichelewa kidogo sana, kama mtu anayekunja mikono ya shati. Kisha viti vikawasukuma mgongoni, na miti ya pembeni ikawa ukuta mmoja wa kijani. Hapakuwa na kelele. Palikuwa na nguvu tu, kama mkono wa mtu mzima unaokusogeza mbele.

"Mwalimu," Daktari alisema, "Dozi ana neno atakwambia leo. Ameniapia. Msikilize mpaka mwisho, usimkate."

Mwalimu akapunguza mwendo. Alilijua neno lenyewe. Kila Alhamisi Bwana Dozi huja nyumbani na dawa za presha za Mama, suti imenyooka, anakaa mpaka chai inapoa, anaondoka hajasema kitu. Mji mzima ulilijua neno hilo. Mzee wa watu, mwema, mwenye umri wa kumzaa. Atamwambiaje hapana?

"Na kabla hajasema lake," Daktari aliendelea, sauti ikishuka, "na mimi nina langu. Mwalimu, mimi—"

Honi!

Mwalimu alitupa macho kwenye kioo. Kitu cha rangi ya fedha kilikuwa kinakua humo, kinakua, kinakua, na sauti yake ilifika kabla yake: Nyigu, katika wimbo wake wa juu kabisa. Alitoka upande, akawapita kama kwamba wao wameegesha, akarudi njiani kwa adabu, taa ya kuashiria ikimetameta, akaenda zake.

"Dozi huyo!" Daktari alipiga kelele za furaha. "Kapata moyo! Sikuwahi kumwona akivuka gia ya nne!"

"Si Dozi," Mwalimu alisema.

"Nani basi?"

Aliyeshika usukani alikuwa kichwa wazi, nywele zake za mvi zimesimama kwa upepo.

"Mama yangu."

Daktari aliinua kichwa kutazama.

"Sikujua Mama anaendesha," Daktari alisema.

"Haendeshi!" Mwalimu alikuwa karibu kulia. "Mimi binti yake nimefundisha mji mzima, yeye kila nikimbembeleza hataki! Haendeshi!"

Walipoingia uani mwa zahanati, Nyigu alikuwa ameegeshwa kinyumenyume, katikati ya mistari miwili, hajagusa hata mmoja. Mama alikuwa amesimama na wauguzi wawili na machela, pochi mkononi.

"Mmechelewa," alisema.

Mgonjwa akateremshwa, akaingizwa ndani. Mwalimu alibaki amemkabili mama yake, mikono kiunoni.

"Mama!"

"Nini? Mikono ya Bwana Dozi ilikuwa inatetemeka. Ningemwacha atuue?"

"Umejifunza wapi?"

"Kabla hujazaliwa niliendesha lori la maziwa. Gia zake zilitaka mikono miwili na dua. Hizi za Nyigu zinaingia kama mkono mfukoni. Nimeona raha, sitakuficha."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ulikuwa unasema, 'Mama, njoo nikufundishe.' Nami nikasema sitaki kufundishwa. Ni kweli, sikutaka."

Mlango wa kushoto wa Nyigu ulifunguka polepole. Bwana Dozi alitoka, hana tai, kola wazi, nywele zimelalia upande mmoja. Uso wake ulikuwa unang'aa kama wa mtoto aliyetoka kuogelea.

"Gia ya sita," alinong'ona. "Mwalimu, nimekaa na gari hili miaka yote. Nilidhani wameiandika pale kwa urembo."

Ndani, Daktari alikuwa amelazwa kitandani, muuguzi mnene akimwandalia sindano. Mwalimu aliruhusiwa kuingia mara moja tu, amuage.

"Nipe hukumu," Daktari alisema. "Kabla huyu mama hajanilaza."

"Utakasirika."

"Nimevunjika mguu. Nafasi ya kukasirika imekwisha."

Mwalimu alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Nyigu," alisema.

Daktari akafumba macho kama aliyechomwa tayari.

"Nyigu ananitaka mzima mzima," Mwalimu aliendelea. "Asubuhi oili ilikuwa bado baridi, na vile vitaa kwenye kipimo cha injini vikaniambia, ngoja. Nikangoja. Vikazimika kimoja kimoja, kisha akaniachia. Gari linaloniambia ngoja, halafu linaniambia sasa. Nimefurahi leo, Daktari. Sikumbuki mara ya mwisho nilifurahi hivyo."

"Na langu?"

"Lako sikulifikiria hata kidogo."

"Hapo ndipo umelitukana kabisa."

"Sijalitukana. Nilikuwa nakufikiria wewe huko nyuma, nalo likaniacha nikufikirie. Nyigu asingeniruhusu. Kwa raha yangu, nachukua Nyigu. Lakini mtu wangu akiumia, nampakia kwenye Benzi."

Daktari akafumbua macho. "Mtu wako?"

"Mtu yeyote."

"Umesema mtu wako. Muuguzi, umesikia?"

"Nimesikia," muuguzi alisema, akigonga bomba la sindano kwa kidole. "Na aliye chumba cha pili amesikia. Lete mkono."

Sindano ikaingia. Daktari alimshika Mwalimu vidole.

"Lile neno langu," alisema, ulimi ukianza kuwa mzito. "Nilitaka kukwambia... Mwalimu, mimi..."

Akakoroma.

"Wanaume," muuguzi alisema. "Miaka yote wako macho, wakitaka kusema la maana wanalala."

Mwalimu alitoka mashavu yakiwaka moto. Na nani alikuwa amesimama kwenye ujia, mikono nyuma, viatu vimeshafutwa vumbi? Bwana Dozi.

"Mwalimu," alisema, "nina neno."

Limefika. Mwalimu alimtazama yule mzee mpole, shingo yake tupu, suruali yake yenye majani magotini, akaona huruma imemjaa.

"Mzee wangu," alianza, "wewe ni mtu mwema sana..."

"Niache nimalize, nikisimama sitaanza tena. Miaka yangu unaiona. Nyumba yangu unaijua, kimya mpaka saa ya ukutani inaona haya. Kila Alhamisi nakuja kwenu nimejiandaa, naondoka sijasema. Leo nimekaa kwenye lile gari, nimeona kifo kwenye kila kona, nikasema, Dozi, ukifika mzima, sema." Akavuta pumzi. "Najua wewe si wa kuombwa ruhusa, lakini adabu ni adabu. Nakuomba unikubalie nimuoe..."

"Mzee, mimi siwezi—"

"...mama yako."



"Mama yangu?"

"Nani mwingine?" Bwana Dozi alishtuka kweli kweli. "Ulidhani nani? Wewe? Mtoto mdogo hivyo! Mimi nilikuwa naleta dawa za presha, Mwalimu. Presha ni ya nani pale nyumbani?"

Msomaji, Mwalimu alicheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, mpaka mgonjwa mmoja akatoa kichwa mlangoni kuuliza kama kuna heri. Alhamisi zote zile! Yeye alikuwa akijifungia jikoni kukwepa posa, kumbe anawaachia nafasi wenye posa yao. Alimshika Bwana Dozi mikono yote miwili.

"Mzee, mimi nimekubali. Kwa mikono miwili nimekubali. Lakini mwenyewe..."

"Mwenyewe amesikia," Mama alisema.

Alikuwa amesimama mwisho wa ujia. Hakuwa anacheka. Mwalimu aliuona uso wa mama yake, na kicheko kikamkatikia kooni, maana uso ule hakuwa ameuona hata siku ile yeye Mwalimu alipoachika.

Mama alikuja mpaka mbele ya Bwana Dozi. Alimtengeneza kola taratibu, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Ungesema Alhamisi ya kwanza," alimwambia kwa upole, "ningekujibu Alhamisi ya kwanza. Umenifurahisha, na sisemi ili kukupoza. Lakini siwezi kukubali, Bwana Dozi. Mimi bado ni mke wa mtu."

Bwana Dozi alirudi hatua moja, akaushika ukuta.

"Mama!" Mwalimu alisema. "Mke wa nani? Baba si alifariki nikiwa mchanga?"

"Nani alikwambia?"

"Wewe!"

"Mimi nilikwambia hayupo. Na kweli, hakuwepo. Kama ulimzika, ulimzika mwenyewe."

Mwalimu aliziona fomu zote mbele ya macho yake. Miaka yake yote alikuwa akijaza "marehemu" mbele ya jina lile, shuleni, kazini, hata siku ya harusi yake. Na Mama alikuwa akimtazama akijaza.

"Yuko wapi?" aliuliza. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtoto.

"Hapa hapa mjini. Amerudi tangu mwaka jana. Mimi nimemwona dirishani kwangu, akipita, hathubutu kubisha hodi. Nikasema, na aendelee kupita." Mama alimnyooshea Bwana Dozi kiganja. "Lakini leo nimeombwa kitu kizuri, na mtu mzuri, nami sitaki kukijibu nikiwa nimefungwa. Naomba ufunguo tena. Nakwenda kuidai talaka yangu mchana kweupe."

Bwana Dozi aliutoa mfukoni. Mama akageuka, akaanza kuelekea uani.

"Mama, ngoja!" Mwalimu alimkimbilia, akamshika mkono. "Huwezi kuniacha hivi. Ni nani? Namjua?"

"Kumjua? Umekaa naye bega kwa bega wiki baada ya wiki, ndani ya kigari chako. Kila akitoka kwenye somo lako, wewe unakuja nyumbani unanicheka naye mezani, nami nainamia sahani yangu."

Mwalimu aliachia mkono wa mama yake. Wanafunzi wote wa mwaka mzima walimpita kichwani, vijana, wasichana, mama mmoja mjamzito, na kisha, taratibu, kofia ya kijivu, mikono mikubwa kwenye usukani, na mzee aliyekuwa akikosea makusudi ili arudi tena wiki ijayo.

"Ndiye huyo huyo," Mama alisema, akifungua mlango wa Nyigu. "Yule uliyeniambia umekata tamaa naye. Eti kwenda mbele anajua sana, kurudi nyuma ndiko kunakomshinda."